Walivyoshika Andiko: Hotuba kuhusu Namna za Kufikiri za Wanazuoni wa Zama za Kati

Ndugu walimu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni.

Tukifundisha fikra za Zama za Kati huwa tunachora mstari ubaoni. Kushoto watu wa imani, kulia watu wa akili. Bernard wa Clairvaux, abati wa karne ya 12, kushoto; Abelard, mwalimu wa mantiki wa zama zake, kulia. Imamu Ghazali kushoto, Ibn Rushd kulia. Mstari huo unafaa mtihani, lakini ukiwafuata watu wenyewe unafutika. Ghazali, anayetajwa kama adui wa falsafa, alianza kitabu chake cha usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, kwa utangulizi wa mantiki, akasema asiyeijua mantiki elimu yake haiaminiki. Ibn Rushd, anayetajwa kama mwanafalsafa, alikuwa kadhi, Sevilla kisha Cordoba, na kitabu chake cha kulinganisha madhehebu kinasomwa hadi leo. Abelard alikuwa mtawa na mtunzi wa tenzi za ibada.

Kwa hiyo leo naomba tuache kuuliza nani aliamini zaidi. Tutazame mikono yao. Mwanachuoni akiwekewa sentensi moja mbele yake, anaifanyia nini? Anaanza wapi, na anaiacha lini? Nikipima kwa kipimo hicho ndipo naona tofauti zao, na ndipo naona kila mmoja alivyokuwa na kosa lake la kudumu.

Tuanze na watawa, maana namna yao ndiyo tunayoielewa vibaya kuliko zote. Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6 inaagiza kwamba Kwaresima ikianza kila mtawa apewe kitabu kimoja, akisome chote kwa mpangilio, asiruke. Na hakusoma kwa macho peke yake. Midomo ilicheza, sauti ya chini ikatoka, sikio likapokea. Kazi hiyo waliiita kwa jina la ng'ombe: kucheua. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa neno tunalo, na kila aliyechunga anajua mambo yake. Ng'ombe hula kwanza, hutulia, kisha hurudisha kinywani alichokwisha kumeza. Guigo wa Pili, mkuu wa Wakartusi mwishoni mwa karne ya 12, aliipanga kazi hiyo kama ngazi ya vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, yaani kumtazama Mungu kwa roho iliyotulia. Kusoma kunatia chakula kinywani, kutafakari kunakitafuna na kukivunja, sala inapata ladha, taamuli ndiyo utamu wenyewe.

Mtu akikaa miaka 20 hivyo, kichwa chake kinakuwa na mfumo wa pekee. Neno moja likitajwa linaita kila mahali pengine lilipotajwa. Sentensi za Bernard zimeshonwa kwa maneno ya Biblia bila alama yoyote ya kunukuu, na kutoka wazo hadi wazo anapita kwa mwangwi wa neno. "Kwa sababu hiyo" na "basi inafuata" hazimhangaishi sana. Alianza kuhubiri juu ya Wimbo Ulio Bora mwaka 1135. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa ameacha mahubiri 86, na alikuwa ndiyo kwanza ameingia sura ya 3, katika kitabu cha sura 8. Mstari wa kwanza, "na anibusu kwa busu la kinywa chake," ulimchukua mahubiri kadhaa: kuna busu la miguu, la mkono na la kinywa, na kila moja ni hatua ya roho. Mwanafunzi wa leo huona mzee anazunguka. Hazunguki. Hana haraka ya kufika kwenye hitimisho kwa kuwa hitimisho silo analolitafuta.

Kosa la namna hii ni kwamba haina pa kuamulia. Maandiko mawili yakigongana, anayecheua huyapatanisha kwa ladha, na ladha ya mwenzake hana njia ya kuikagua.

Abelard, aliyezaliwa mwaka 1079, alianzia hapohapo kwenye mgongano. Alikusanya maswali 158 ya kidini, na chini ya kila swali akapanga kauli za Mababa wa Kanisa, walimu wa kale wa Ukristo, zinazosema ndiyo na zinazosema hapana. Swali la kwanza kabisa ni kama imani inapaswa kujengwa kwa hoja za akili au la. Halafu, na hili ndilo lililowaudhi wengi, hakutoa majibu. Kitabu kizima ni rundo la kauli zinazotazamana kwa macho makavu.

Ila utangulizi wake ndio wenye kazi. Msomaji anaambiwa afanye nini kabla ya kusema Mababa wanapingana. Achunguze kwanza kama kitabu ni cha huyo anayedaiwa kukiandika, na kama mwandishi wa nakala hakuharibu neno. Aangalie kama mwandishi baadaye alibadili kauli yake, kama alivyofanya Agostino katika marekebisho yake ya uzeeni. Aangalie kama alikuwa anasema lake au anasimulia maoni ya wengine. Atofautishe amri ya kudumu na ruhusa ya wakati fulani. Na juu ya yote aulize kama neno moja linatumika kwa maana mbili. Hayo yote yakishindikana, ndipo apime nani ana uzito zaidi. Kwa kutia shaka tunafika kwenye kuuliza, anasema, na kwa kuuliza tunaipata kweli. Watu hunukuu hiyo ya mwisho na kusahau orodha ya kazi iliyotangulia. Shaka ya Abelard ni shaka ya mhakiki wa nakala. Ina hatua, na hatua ya kwanza ni ya kuchosha.

Sasa wawili hawa walipokutana, ikawaje? Chukueni neno moja tu. Abelard aliandika kwamba imani ni existimatio, neno la Kilatini, ya mambo yasiyoonekana, yaani, kwa lugha yetu, dhana juu ya mambo ya ghaibu. Kwake hilo ni fasili: analitofautisha na kujua kitu kwa kukiona. Bernard alilichukua neno, akalicheua, akasikia ndani yake ladha ya "maoni" na "huenda". Kwa nini mashahidi walikufa, kwa ajili ya huenda? Wanaosoma elimu ya dini hapa wanaujua umbali uliopo kati ya dhana na yakini, kwa hiyo wanaona vizuri jinsi neno lilelile lilivyokuwa zana kwa mmoja na sumu kwa mwingine. Ningesema Bernard alimsoma vibaya, lakini hakumsoma kwa uvivu. Alimsoma kwa namna ileile aliyoisomea Biblia, na fasili haisomwi hivyo.

Mjadala wa Sens, mji wa Ufaransa, ulipoitishwa, mwaka 1140 au 1141, Abelard alikuja akitarajia kujibishana. Usiku wa kuamkia siku yenyewe Bernard alikutana na maaskofu faraghani, akawapitisha kauli za Abelard moja baada ya nyingine, wakazihukumu. Asubuhi Abelard hakuwekewa swali, aliwekewa orodha. Akakataa kujibu, akakata rufaa kwa Papa, akaondoka. Papa Innocent wa Pili akamhukumu. Petro Mheshimiwa, abati wa Cluny, ndiye aliyempokea, na Abelard akafariki mwaka 1142. Ikumbukeni hiyo orodha, maana nitairudia.

Kizazi kilichofuata kilifanya jambo la busara: kilichukua mgongano wa Abelard kikauwekea mlango wa kutokea. Petrus Lombardus alipanga kauli za Mababa katika vitabu vinne kwa mada, akatoa na maamuzi. Katika karne ya 13, Paris, hakuna aliyekuwa bingwa wa teolojia bila kwanza kuvifundisha. Na hapo ndipo umbo la "swali" lilipokomaa, umbo ambalo leo tunalifahamu zaidi kwa Thomas Aquinas.

Tulipitie kwa mfano halisi, maana ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Katika Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, sehemu ya kwanza, swali la 2, kipengele cha 3, anauliza: je, Mungu yupo? Kinachofuata mara moja ni "yaonekana hayupo." Pingamizi la kwanza: katika vitu viwili vinavyopingana, kimoja kikiwa hakina mwisho, kingine kinafutika. Mungu anasemwa kuwa wema usio na mwisho, basi uovu usingekuwapo, lakini upo. La pili: kinachoweza kuelezwa kwa vyanzo vichache hakihitaji vingi, na kila kitu kinaelezeka ama kwa maumbile ama kwa akili na utashi wa mtu. Kisha "lakini kinyume chake," na hapo ni sentensi moja tu kutoka Kutoka sura ya 3. Kisha "najibu," zile njia tano. Mwishoni anayarudia mapingamizi mawili, moja baada ya jingine, kulipa kila moja jibu lake.

Angalieni alivyoyatendea mapingamizi. Hakuyadhoofisha. Wapo wasiomwamini Mungu ambao hawajawahi kusema kwa ufupi na nguvu kama hivyo. Na majibu ya mwisho mara nyingi hayasemi "si kweli." Yanagawa neno: kwa maana hii nakubali, kwa maana ile nakataa. Ile kanuni ya Abelard ya neno moja lenye maana mbili imepewa kiti cha kudumu mwishoni mwa kila kipengele.

Makosa ya kusoma umbo hili ni matatu ninayokutana nayo kila mara. Mtu ananukuu pingamizi akisema "Thomas anasema". Anakuwa amenukuu kauli anayoipinga Thomas. Au anachukua "lakini kinyume chake" kama msimamo wake, kumbe mara nyingi ni hati ya mamlaka tu inayogeuza mwelekeo. Au anasoma "najibu" peke yake, akiruka majibu ya mwisho, na huko ndiko kulikofichwa mgawanyo wa maana uliobeba kazi yote.

Umbo hilo lilitoka kwenye kazi ya darasani, tena kazi yenye kelele. Mwalimu alitangaza swali mapema. Siku ya kwanza hakuwa yeye mbele. Aliyesimama kujibu ni mwanafunzi wake wa ngazi ya juu, na waliohudhuria walirusha mapingamizi. Siku nyingine mwalimu alirudi, akayapanga yaliyosemwa, akatoa uamuzi wake kwa utaratibu. Mara mbili kwa mwaka, Majilio na Kwaresima, mwalimu aliyekuwa tayari aliweza kufungua mlango kwa swali lolote kutoka kwa yeyote. Hapo Thomas aliulizwa kama kweli ina nguvu kuliko divai, mfalme na mwanamke. Akajibu, kwa mgawanyo, kama kawaida yake: kila kimoja kinamtikisa mtu kwa upande wake.

Mtindo huu nao ulikuwa na ugonjwa wake. Kauli ikiishi ndani ya swali inasahau kitabu ilikotoka. Roger Bacon alilalamika katika miaka ya 1260 kwamba Paris anayefundisha vitabu vya Lombardus anachagua saa aipendayo, na anayefundisha Biblia yenyewe anaombaomba saa. Bacon alikuwa mtu wa manung'uniko, lakini hapo alikuwa amepatia.

Tuvuke sasa twende Mashariki, na tuanzie Baghdad karne ya 10, barazani kwa waziri. Matta ibn Yunus, mfasiri wa Aristotle, alidai mantiki ni mizani ya kujulia kauli sahihi na kauli mbovu. Abu Said al-Sirafi, mwanasarufi, akamjibu kwamba mizani inakuambia kizito na chepesi. Haikuambii kilichomo ni dhahabu, chuma au shaba. Akamtega kwa mfano. Ukisema "Zaidi ni mbora katika ndugu zake," umekosea, kwa sababu Zaidi hayumo katika ndugu zake. Mtu si ndugu wa nafsi yake. Sema "Zaidi ni mbora katika hao ndugu," hapo yumo. Mantiki ya Matta haikuliona kosa hilo, sarufi ililiona. Sirafi anawakilisha namna ya tatu ya kushika sentensi: ulizia lugha kabla hujaulizia ukweli. Simulizi tuliyo nayo imetoka upande wa washindi, kwa hiyo Matta anaonekana mjinga kuliko alivyokuwa, lakini swali la mizani halijazeeka.

Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058, aliichukua hiyo mizani akaigeuzia wenyewe. Kitabu chake cha kuporomoka kwa wanafalsafa kina masuala 20. Katika 17 anawahukumu kwa bidaa, yaani uzushi katika dini, katika 3 kwa kufuru: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui kitu kimoja kimoja bali mambo kwa ujumla, na kwamba miili haitafufuliwa. Utaratibu wake ni wa mbomoaji hodari. Anaieleza hoja ya wapinzani kwa unadhifu. Kisha anauliza: hili mmelijua kwa dharura ya akili, yaani linajidhihirisha lenyewe, au kwa burhani, yaani kwa hoja ya uthibitisho? Kama ni kwa dharura, mbona watu wengi wenye akili timamu wanalikana? Kama ni kwa burhani, ileteni, tuone hatua inayounganisha mwanzo na mwisho. Mwenyewe anasema ameingia kudai ushahidi, hakuingia kuthibitisha madhehebu yake, na silaha anaazima kokote, hata kwa makundi ya Muutazila na Karramiya asiokubaliana nao.

Suala la 17 ndilo maarufu. Pamba ikigusana na moto inaungua. Umeona nini? Umeona kuungua kukitokea pamoja na mguso. Hukuona kuungua kukitokea kwa sababu ya mguso. Macho yanashuhudia "pamoja na," hayashuhudii "kwa." Hakusema moto hautaunguza kesho, alisema wanafalsafa wamedai zaidi ya walichokiona.

Ibn Rushd alimjibu kwa kumfuata aya kwa aya, akinukuu kisha akijibu. Anayefuta sababu, anasema, amefuta akili, kwa kuwa akili kazi yake ni kuzijua sababu. Kitu kisicho na tendo lake maalumu hakina tabia yake, kisicho na tabia hakina fasili, na kisicho na fasili hata jina lake halisimami. Ukiniuliza, hoja ya Ghazali ndiyo kali zaidi na jibu la Ibn Rushd ndilo lenye kubeba zaidi. Mmoja anakuonyesha ufa, mwingine anakuonyesha ni ukuta upi utakaoanguka.

Ibn Rushd alikuwa na ustadi mwingine, wa sharhi, yaani ufafanuzi wa vitabu. Alimfafanulia Aristotle kwa ngazi tatu. Muhtasari mfupi, kwa anayetaka hitimisho. Sharhi ya kati, inayosimulia upya kitabu kwa maneno yake. Na sharhi ndefu, ambamo kila kifungu cha Aristotle kinanukuliwa kizima kwanza, kisha kinafasiriwa neno kwa neno, na wafasiri waliotangulia wanapimwa. Waliokaa darsani katika pwani yetu wanalijua umbo hili la mwisho bila kuambiwa: Minhaji ya Imamu Nawawi inasomwa matini kwa sauti, mwalimu anasimamisha, anatoa maana, wanaendelea.

Ila alikuwa mkali kuhusu nani apewe nini. Watu kwake ni wa aina tatu: wanaokubali kwa burhani, wanaokubali kwa jadali, yaani mabishano, na wanaokubali kwa khutuba. Wa mwisho ndio wengi. Neno hilo la tatu ndilo lililotupa "hotuba," kwa hiyo mnajua ananiweka daraja gani jioni hii. Burhani ikigongana na dhahiri ya andiko, andiko lifanyiwe taawili, yaani lipewe maana isiyo ya juujuu, kwa kanuni za lugha ya Kiarabu. Lakini taawili hiyo isiwekwe katika vitabu vya watu wote. Alimlaumu Ghazali kwa hilo hasa. Mfano wake ni wa tabibu aliyewapa watu maagizo ya afya kwa maneno mepesi, halafu akaja mtu akawaambia maneno hayo yana maana ya ndani zaidi. Maana ya ndani hawakuipata, na maagizo wakayaacha. Wakati huohuo aliwakemea wanaozuia vitabu vya hikima, yaani falsafa, eti kuna waliopotea kwa kuvisoma: ni kama kumnyima mwenye kiu maji mpaka afe kwa kuwa kuna waliopaliwa. Kufa kwa kupaliwa ni bahati mbaya. Kufa kwa kiu ni lazima.

Kulikuwa na namna nyingine ya kupaliwa asiyoiwaza. Kitabu cha Ghazali cha kueleza makusudi ya wanafalsafa kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12. Dibaji inayosema kwamba anaeleza tu hoja za wengine haikuwafikia wasomaji wengi wa Kilatini. Matokeo yake Ulaya ikamjua Ghazali kama mfuasi mwaminifu wa Ibn Sina, mmoja wa wanafalsafa aliowapinga. Ni lile kosa la kunukuu pingamizi kama msimamo, safari hii kwa kitabu kizima.

Sasa ile orodha. Desemba 1270 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku kauli 13. Machi 1277 akaongeza zikawa 219 kwa mpigo. Orodha haina pingamizi wala mgawanyo. Inang'oa sentensi kwenye swali lake na kuiacha wima peke yake, na sentensi yoyote iliyong'olewa hivyo inaweza kuonekana kufuru.

Katika mwaka huohuo wa 1270 ilionekana pia njia nyingine. Walimu wa kitivo cha sanaa, Siger wa Brabant akiwa mashuhuri wao, walifundisha kwa kumfuata Ibn Rushd kwamba akili ya binadamu ni moja kwa watu wote. Thomas akaandika kitabu kidogo kuwapinga. Alisema mwanzoni kwamba hataegemea hati za imani. Atashika maneno ya Aristotle mwenyewe, na ufafanuzi wa Wagiriki. Akapita aya kwa aya, kama sharhi ndefu ya huyohuyo aliyekuwa anampinga. Mwishoni akaweka changamoto: mwenye neno dhidi ya haya asinong'one pembeni wala mbele ya vijana wasioweza kupima mambo magumu, aandike jibu, kama anathubutu.

Siger aliandika.